Skauti Anayepanda Ngazi Haraka Kuliko Viongozi Wake Wapendavyo

Barua tatu zilizoifikia safu hii zinahusu jambo moja, ingawa zimeandikwa na watu walio pande tofauti: mzazi, kiongozi na kijana mwenyewe. Wote watatu wamo katika vikundi vinavyofuata mpango wa Scouting America, chama cha skauti cha Marekani, na kwa sababu hiyo majibu yangu yanaegemea kanuni za chama hicho. Msomaji aliye katika chama kingine atafute kifungu kinacholingana katika kitabu cha mwongozo cha chama chake, kwa kuwa ngazi na miezi hutofautiana.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Binti yetu alijiunga na skauti akiwa na umri wa miaka 11, na tangu mwanzo aliipenda kazi hii kuliko jambo lingine lolote. Sasa ana miaka 13. Amefikia ngazi ya Life, ya pili kutoka juu, miezi 6 inayotakiwa imepita, beji zake za ujuzi zimevuka 21, na mradi wake wa huduma umekamilika na kukubaliwa na waliofaidika nao. Kilichobaki ni mazungumzo na kiongozi wa kikundi, kisha jopo la mapitio kwa ajili ya Eagle, ngazi ya juu kabisa. Kiongozi anakataa kufanya mazungumzo hayo. Anasema kwamba binti ni mdogo mno, kwamba Eagle ni ya vijana wa miaka 16 au 17, na kwamba kamati ya kikundi imeamua kila skauti ashike nafasi ya wajibu kwa mwaka mzima kabla ya kupanda. Uamuzi huo haukuwapo wakati binti yetu alipoanza kazi yake ya uandishi wa kikundi. Tunasikia pia watu wakinong'ona kwamba sisi wazazi ndio tunaomsukuma, kwa kuwa baba yake ni mshauri wa beji na alimpitisha katika beji mbili. Mtoto ameanza kutafuta visingizio vya kutokwenda mikutanoni. Je, tumhamishe, tulalamike, au tumwambie asubiri?
— Mama wa skauti

JIBU: Mama, kanuni inayohusu shauri lako haina utata. Mwongozo wa upandaji ngazi wa Scouting America unasema kwamba hakuna baraza, kamati, wilaya, kikundi wala mtu binafsi mwenye mamlaka ya kuongeza sharti juu ya yale yaliyoandikwa, wala ya kuyapunguza. Nafuu inayotambuliwa ni ile ya wanachama wenye mahitaji maalumu. Umri wa chini wa kupata Eagle haumo katika masharti. Uliomo ni umri wa mwisho, yaani masharti yatimizwe kabla kijana hajafikisha miaka 18. Kwa hiyo kiongozi anayesema kwamba ngazi hii ni ya vijana wa miaka 16 anaeleza mazoea aliyoyaona au jambo analolipendelea, na kamati inayodai mwaka mzima mahali ambapo kitabu kinataka miezi 6 imetunga sharti ambalo haina uwezo wa kulitunga, hata kama wajumbe wake wote walilikubali kwa nia njema.

Wanaohofia kwamba kijana anakimbia mno husahau kwamba waliotunga mpango huu waliweka muda wa kusubiri ndani yake. Kutoka First Class hadi Star ni miezi 4 ya ushiriki, kutoka Star hadi Life ni miezi 6, na kutoka Life hadi Eagle ni miezi 6 mingine. Jumla ni miezi 16 ambayo hakuna bidii wala kipaji kinachoweza kuifupisha. Zipo pia beji ambazo haziwezi kuharakishwa kwa namna yoyote: beji ya Camping hutaka jumla ya usiku 20 wa kulala kambini, Personal Management humtaka kijana afuatilie bajeti yake kwa majuma 13 mfululizo, na Family Life hutaka siku 90 za kazi za nyumbani zilizowekewa kumbukumbu. Binti aliyeanza akiwa na miaka 11 na kufika hapo akiwa na miaka 13 hakuruka mahali popote. Alifanya kila jambo kwa wakati wake bila kuacha miezi ipite bure, na hilo linastahili pongezi kutoka kwa watu wazima waliomzunguka, kabla ya neno lingine lolote.

Hata hivyo, kiongozi hakunyimwa sauti. Masharti yanamtaka kijana aishi kwa Ahadi na Sheria ya Skauti, ashiriki katika kikundi chake, na aitumikie nafasi yake ya wajibu kwa vitendo. Hapo mtu mzima anaruhusiwa kupima, ila apime matendo. Kusema kwamba mtoto “hajakomaa” si kutaja tendo. Kusema kwamba alikabidhiwa kumbukumbu za mikutano na hakuziandika kwa miezi miwili ni kutaja tendo, na tendo linaweza kujibiwa, kurekebishwa au kukanushwa. Jambo la namna hiyo huelezwa linapotokea, kijana akiwa bado ana nafasi ya kujirekebisha. Mwongozo hauwaruhusu viongozi kukaa kimya hadi miezi 6 itimie, ndipo wamwambie kwamba kazi yake haikuwaridhisha. Nimeisoma barua yako kwa makini na sioni tendo hata moja linalolalamikiwa. Ninaona umri tu, na umri wa mtoto si kosa lake.

Kuhusu utaratibu, mazungumzo na kiongozi ni jambo la kushiriki, wala si mtihani wa kufaulu au kushindwa. Yakishafanyika, sharti limetimia hata kama kiongozi amebaki na mashaka. Jopo la mapitio nalo lina mipaka yake. Huwa na wajumbe wasiopungua 3 na wasiozidi 6, wote wenye umri wa miaka 21 au zaidi. Kiongozi wa kikundi na wasaidizi wake hawakai katika jopo la skauti wao, wala mzazi hakai katika jopo la mwanawe. Jopo halimtahini kijana upya katika mambo ambayo amekwisha kupitishwa, na uamuzi wa kumkubali lazima uungwe mkono na wajumbe wote. Likimkataa, linapaswa kumweleza sababu, njia ya kurekebisha kasoro, na haki yake ya kukata rufaa. Na pale ambapo kiongozi au mwenyekiti wa kamati anakataa kutia sahihi fomu ya maombi ya Eagle, kijana anaweza kuomba jopo linalokusudiwa hasa kwa mashauri yenye mgogoro, ambalo huandaliwa na wilaya au baraza la eneo bila mjumbe yeyote kutoka katika kikundi husika. Njia hiyo imeandikwa, na haimlazimu mzazi kugombana na mtu yeyote.

Lakini msianzie huko. Mtu wa kwanza kuzungumza awe binti mwenyewe. Amwandikie kiongozi wake, kwa heshima na kwa ufupi, kuomba mkutano, aende na kitabu chake chenye sahihi zote, na aulize swali moja: “Ni sharti lipi ambalo bado sijalitimiza?” Wewe au baba yake mnaweza kuwapo, ila mkae pembeni na mnyamaze, ingawa ninajua kwamba kunyamaza huko kutakuwa kugumu. Kuwapo kwenu kunakubaliana pia na kanuni za kuwalinda watoto, ambazo hazimruhusu mtu mzima kukaa faraghani na kijana peke yao. Akitajiwa sharti lililomo kitabuni, alishughulikie. Akitajiwa lisilomo, aombe kwa upole aonyeshwe mahali lilipoandikwa, na yaliyozungumzwa yawekwe katika maandishi ambayo kila upande utabaki na nakala yake. Hapo ndipo wazazi mnapoweza kumwandikia mwenyekiti wa kamati, na msipopata jibu, muwaandikie wanaosimamia upandaji ngazi katika wilaya au baraza. Barua zenu zitaje vifungu na tarehe, zisitaje tabia ya mtu.

Sasa niwageukie nyinyi wazazi, maana mnong'ono ule haupaswi kupuuzwa kwa sababu tu ni mnong'ono. Kanuni zinamruhusu mshauri wa beji aliyesajiliwa kumpitisha hata mtoto wake mwenyewe, na kwa hiyo beji mbili zile ni halali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya faida ya beji za ujuzi ni kwamba zinamlazimisha kijana kumtafuta mtu mzima asiyemfahamu, kumpigia simu, kupanga naye miadi, na kusimama mbele yake akiwa amejiandaa. Kijana anayekaguliwa na baba yake sebuleni hapati hayo. Beji zozote atakazozifanya baada ya hapa, zipitie kwa mshauri mwingine. Tena muulizeni binti, kwa utulivu na siku ambayo hapana barua wala mkutano unaomsubiri, kama Eagle ikichelewa mwaka mmoja ataumia kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili yenu. Akisema kwamba yeye mwenyewe anapenda kusubiri, msikilizeni. Uamuzi wa kusubiri ni wake, si wa kiongozi wala si wenu.

Kuhama kunaruhusiwa, na ngazi pamoja na beji zilizokwisha kupatikana huhama naye. Ningelitumia jambo hilo mwishoni, baada ya mazungumzo na barua kushindwa, kwa sababu mtoto anayehamishwa katikati ya mgogoro hubaki na jambo lisilokwisha. Lakini ikiwa viongozi wanamdhalilisha mbele ya wenzake, au wanamnyima shughuli ili kumkomoa, msisubiri utaratibu wowote, mtoeni.

Nadhani hofu ya viongozi hao inatokana na jambo walilolishuhudia: vijana wanaoipata ngazi ya juu kisha hawaonekani tena, na kikundi kinapoteza wakubwa ambao wadogo waliwategemea. Ni hofu yenye msingi. Dawa yake, hata hivyo, ni kumpa skauti huyo kazi inayomfaa baada ya kupata ngazi yake: awafundishe wanaoingia, agombee uongozi wa kikundi kizima katika uchaguzi ujao, au aendelee kutafuta Eagle Palm, yaani tuzo za nyongeza juu ya Eagle, ambazo hutolewa kwa kila beji 5 za ziada. Kumzuilia mtoto haki yake ili asiondoke ni kumtumia kwa manufaa ya kikundi, na watoto hulitambua jambo hilo mapema kuliko tunavyodhani.

SWALI: Mimi ni kiongozi msaidizi, na ningependa upande wetu nao usikike. Tuna kijana wa miaka 14 anayepanda kwa kasi. Ni kiongozi wa kikosi chake, yaani kundi dogo ndani ya kikundi, kwa jina tu: haitishi vikao, hajui majina ya wadogo wawili waliojiunga karibuni, na kambini huondoka kwenda kutimiza masharti yake mwenyewe huku wenzake wakihangaika kusimamisha hema. Alirudi kutoka katika tamasha la siku moja akiwa na beji nne. Anapotujia, anatujia na kalamu. Viongozi wenzangu wanataka azuiwe hadi afikishe miaka 16. Mimi nasitasita. Tufanyeje?
— Kiongozi msaidizi

JIBU: Ndugu kiongozi, umefanya vyema kusitasita. Kumzuia hadi afikishe miaka 16 ni kumhukumu kwa umri kosa ambalo ni la kazi, na kwa njia hiyo mtampa hoja ya kushinda rufaa huku kikosi chake kikibaki bila kiongozi kama kilivyo sasa. Tatizo ulilolieleza lina jina katika masharti yenyewe, nalo ni nafasi ya wajibu. Mwiteni juma hili, si mwezi ambao atakuja kuomba sahihi. Mpeni maandishi yanayosema kiongozi wa kikosi anatarajiwa kufanya nini: aitishe kikao, amfahamu kila mmoja katika kikosi chake, agawe kazi kambini na asiondoke kabla hazijakwisha. Mkutane naye tena baada ya majuma machache mkiwa na karatasi ile ile. Akibadilika, muda wake uhesabiwe bila kinyongo. Asipobadilika baada ya kuelekezwa na kupewa nafasi ya kutosha, mnaweza kumwondoa katika nafasi hiyo, na akaanza katika nafasi nyingine kukamilisha miezi iliyobaki; siku alizofanya kazi ipasavyo zibaki zake.

Ninalitilia mkazo jambo la kikosi kwa sababu uskauti ulizaliwa ndani yake. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipokwenda na wavulana katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza mwezi Agosti mwaka 1907, aliwagawa katika vikosi vinne, na kila kikosi kikawa na mvulana mmoja wa kukiongoza. Kambi nzima iliendeshwa kwa mpango huo. Kiongozi wa kikosi anayepanda ngazi peke yake huku wadogo wake wakiwa hawajui kufunga kamba ya hema hajaifanya kazi ambayo ngazi hiyo inaidai, na hapo mna haki kamili ya kusema. Mwambieni hivyo waziwazi, lakini faraghani, huku mtu mzima wa pili akiwapo. Kijana mwenye kasi kama huyo mara nyingi hajaambiwa na mtu yeyote kwamba kuna jambo la kufanya zaidi ya orodha iliyo mkononi mwake. Ameona kwamba watu wazima humpongeza anapoleta beji, naye analeta beji. Sharti mojawapo la kupata Life ni kumfundisha skauti mwingine stadi fulani kwa hatua za kueleza, kuonyesha, kuelekeza na kumwachia afanye mwenyewe. Litumieni hilo. Mkabidhini mmoja wa wale wadogo wawili, na mtazame kama mwanafunzi wake anaweza kusimamisha hema mwishoni mwa kambi ijayo.

Kuhusu beji nne za siku moja, tofautisheni mashaka na ushahidi. Baadhi ya beji zinaweza kukamilishwa kwa siku moja, hasa kama kijana alifanya maandalizi nyumbani kabla ya kwenda. Nyingine haziwezekani hata kidogo, na mifano ya siku 90 na majuma 13 niliyoitaja hapo juu inaonyesha sababu. Muulizeni, bila kumtahini, alifanya nini na nani alimwongoza. Ikibainika kwamba sharti fulani halikuweza kutimizwa mahali pale, mwongozo una utaratibu mahususi wa kulishughulikia, na hatua yake ya kawaida ni kwamba kijana akamilishe kilichobaki. Kama hakuna ushahidi wa namna hiyo, sahihi ya mshauri aliyesajiliwa inatosha, na kikundi hakina ruhusa ya kuitangua kwa sababu ya kutopendezwa na tamasha. Elekezeni malalamiko yenu kwa waandaaji na kwa baraza. Watu wazima waliotia sahihi kwa haraka ndio wenye kujibu hapo, na mvulana wa miaka 14 asibebeshwe kosa lao.

Baden-Powell mwenyewe alisisitiza kwamba beji ipimwe kwa juhudi aliyoiweka kijana kuliko kwa ubora wa kazi aliyoitoa. Kwa maneno hayo aliwatetea wanaojifunza kwa shida, wasikatishwe tamaa na wenye vipaji. Kwa maoni yangu yanamhusu pia mwenye kipaji, kwa kuwa kijana ambaye kila jambo ni rahisi kwake bado hajatakiwa kutoa juhudi yoyote, na kazi ya kuwaongoza wengine pengine ndiyo ya kwanza itakayomgharimu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina miaka 12 na nina beji nyingi kuliko wenzangu. Siku moja kiongozi wetu alisema mbele ya watu wote kwamba mimi nakimbilia beji tu, na tangu hapo wenzangu wananiita mpenda sifa. Ninapenda kujifunza. Je, nipunguze?
— Skauti wa miaka 12

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipunguze kujifunza. Kiongozi wako hakupaswa kusema maneno hayo mbele ya wenzako, hata kama alikuwa na jambo la kukuonya, na una haki ya kumwambia hivyo kwa adabu. Mwombe muda wa kuzungumza, mzazi wako au kiongozi mwingine akiwa karibu, umweleze kwamba maneno yale yalikuumiza, kisha umuulize kama kuna kazi ya kikosi ambayo anaona hujaifanya. Msikilize jibu lake lote kabla ya kujitetea. Ikiwa ipo, ifanye. Ikiwa haipo, utakuwa umemsaidia kuliona hilo mwenyewe.

Kwa wenzako, chagua beji moja ambayo ungeifanya peke yako na umwalike mmoja wao mwifanye pamoja, hata kama itachukua muda mrefu zaidi. Usimchague rafiki yako wa karibu. Mchague yule ambaye bado hana beji.

Na jambo la mwisho, la kawaida lakini muhimu kwa skauti aliye katika hali yako: tunza kumbukumbu zako. Kikundi kinachotumia kadi ya maombi ya beji huigawa sehemu tatu, moja ya kikundi, moja ya mshauri na moja yako wewe. Usiipoteze sehemu yako. Piga picha kurasa za kitabu chako kila zinapotiwa sahihi, andika tarehe uliyoanza kila nafasi ya wajibu, na uhifadhi vyote pamoja mahali ambapo wewe na mzazi wako mnapafahamu, hadi siku utakapokabidhiwa ngazi yako ya mwisho.